Ngozi ya Ng'ombe Juu ya Bunduki

Huenda ukadhani, msomaji, ya kuwa historia ya vita imo katika majina ya majemadari na hesabu ya waliokufa tu. Sivyo. Mara nyingine kipande cha ngozi kilichoshonwa juu ya bunduki chaweza kukufunza mengi kuliko sanamu ya shaba.

Mwaka 1871 jeshi la Uingereza lilianza kutumia bunduki iitwayo Martini-Henry. Ilitiwa risasi moja moja kwa nyuma, kwa kushusha wenzo ulio chini yake, na askari hodari aliweza kuipiga mara 10 au zaidi katika dakika moja. Lakini mti wake uliushika mtutu kwa chini tu. Juu chuma kilikuwa kitupu. Ikipigwa mfululizo, mtutu ulipata moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na mkono wa kushoto ulioushika ukaungua.

Askari waliokuwa vitani hawakungoja dawa itoke London. Katika Afrika ya Kusini, na baadaye katika Sudan, walitwaa ngozi mbichi ya ng'ombe, wakaizungusha juu ya mti na mtutu, wakaishona ingali na maji. Bila shaka umepata kumwona mtu akiwamba ngoma, nawe wajua sababu: ngozi mbichi ikikauka hujikaza, ikashika barabara pasipo gundi wala msumari. Tena ngozi haipitishi joto upesi kama chuma. Hivyo mkono ulisalimika.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 11 Desemba 1878, Sir Bartle Frere, yule yule ambaye mji wa Frere Town karibu na Mombasa umeitwa kwa jina lake, aliwapelekea wajumbe wa mfalme Cetshwayo wa Wazulu masharti mazito, mojawapo likiwa kuvunja jeshi lake. Hakuna mfalme ambaye angeyakubali kwa hiari. Tarehe 11 Januari 1879 Waingereza wakaivamia nchi ya Wazulu.

Na Wazulu walijikinga kwa nini? Kwa ngozi ya ng'ombe pia. Ngao zao kubwa zilikatwa katika ngozi za makundi ya mfalme, na rangi yake ilitambulisha kikosi. Mnyama mmoja alimkinga Mzulu kwa mkuki, akamkinga Mwingereza kwa moto wa bunduki yake mwenyewe. Lakini ngao haikuweza kuzuia risasi.

Hata hivyo, tarehe 22 Januari, penye mlima wa Isandlwana, Wazulu walilishinda jeshi lenye bunduki hizo. Walikufa zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza, wakiwamo mamia ya Waafrika waliopigana pamoja nao. Alasiri ile ile, watu wapatao 150 walijihami mahali paitwapo Rorke's Drift mpaka alfajiri, mitutu ikiwaunguza mikono, wakaokoka. Uingereza ikatoa nishani 11 za Victoria Cross kwa ajili ya Rorke's Drift. Tarehe 4 Julai Wazulu walishindwa huko Ulundi, na mfalme wao akakamatwa mwezi wa Agosti.

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndivyo wafanyavyo na waandishi. Kwa miaka mingi vitabu vingi vya Kiingereza viliusifu ushujaa wa Rorke's Drift, visiulize sana ni nani aliyeanzisha vita, wala ni Waafrika wangapi waliolala pale Isandlwana katika pande zote mbili.

Bunduki fupi za Lee-Enfield, zilizoanza kutolewa mwaka 1903, zilifunikwa mtutu kwa mbao hata mwisho. Kazi ya sindano ya askari sasa ilifanywa na kiwanda. Bunduki za jamii ya Lee-Enfield ndizo walizobeba baadaye askari wetu wa King's African Rifles.

Kwa hiyo, usomapo habari za vita, jiulize mambo mawili: ni mkono wa nani uliokingwa, na ni nani aliyeivuta ngozi. Ukiyajua hayo, umekwisha kuanza kuijua historia.