Windhoek na Tadbiri ya Maji Yaliyokwisha Tumika

Miongoni mwa miji mikuu ya Afrika ni michache iliyowekwa mahali pagumu kwa maji kama Windhoek, mji wa Namibia ulio juu ya vilima vya bara, mbali na bahari na mbali na mto wowote usiokauka. Kwani mito itiririkayo mwaka mzima katika nchi ile imo mipakani, na Okavango uko mwendo wa kilomita 700 hivi. Mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 400, ilhali jua lina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 3,000 za maji yaliyo wazi, hata bwawa lililojaa masika hupungua likitazamwa.

Wanama na Waherero walikaa pale kwa ajili ya chemchemi za moto, na Wajerumani waliojenga ngome yao mwaka 1890 walizifuata chemchemi hizo hizo. Hazikutosha. Visima vikachimbwa, Bwawa la Avis likajengwa mwaka 1933 na la Goreangab mwaka 1958, na kila mara idadi ya watu ikayashinda maji. Ndipo mwaka 1968, nchi ikiwa bado mikononi mwa Afrika Kusini na baadhi ya wapigania uhuru wake wakiwa huku kwetu Tanzania katika kambi ya Kongwa, baladia ya Windhoek ilipofungua kando ya Goreangab mtambo wa kwanza duniani wa kusafisha majitaka ya nyumbani na kuyarudisha moja kwa moja katika maji ya kunywa, kiasi cha mita za ujazo elfu nne na ushee kwa siku. Lucas van Vuuren, mmoja wa wataalamu walioasisi kazi hiyo, alishikilia kwamba maji yahukumiwe kwa hali yaliyo nayo sasa, si kwa yale yaliyoyapata zamani.

Wageni wanaokwenda Goreangab aghalabu hustaajabia mitambo, na kwa kweli yastahili kutazamwa: dawa hutiwa uchafu ukagandamana, viputo vidogo mno vya hewa hupanda kutoka chini vikiubeba mpaka juu, nao huenguliwa kama utando wa maziwa, kisha maji hupita katika mchanga, katika ozoni, katika mkaa, na katika vichujio vyenye vitundu visivyopitisha bakteria, ndipo yatiwe klorini na kuchanganywa na maji ya mabwawa na visima. Walakini mimi naona kwamba jambo kubwa lilitendeka kabla ya hayo yote, tena chini ya ardhi, nalo ni uamuzi wa baladia kuwa majitaka ya viwanda yasichanganyike na ya nyumba. Viwanda viliwekewa upande wa kaskazini na mabomba yake yakaelekezwa kwenye mtambo wa Ujams. Majitaka ya nyumbani yakaenda Gammams, ambako husafishwa mara ya kwanza kabla ya kufika Goreangab. Insafu yataka isemwe pia kwamba utawala uliopanga mabomba kwa hekima hiyo ndio uliowahamisha Waafrika kwa nguvu kwenda kitongoji cha Katutura, baada ya damu ya waliopinga kuhamishwa kumwagika Desemba 1959.

Msomaji wa pwani, aliyelelewa katika elimu ya tohara, hatakosa kuuliza kama maji yaliyonajisika huweza kurudi kuwa tohara. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka 1978 kwamba yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yafaa kwa udhu na josho, na kunywa pia yasipokuwa na madhara, ijapokuwa katika kunywa liliona hadhari ni bora.

Uchunguzi wa maradhi ya kuhara uliofanywa Windhoek katika miaka ya 1970 na 1980 haukuyatia hatiani maji hayo. Baada ya uhuru wa mwaka 1990 baladia mpya haikuitupa kazi hiyo, bali iliikuza: tangu mwaka 1993 bustani na viwanja vya michezo vina mabomba yao ya maji yasiyo ya kunywa, na mwaka 2002 ulifunguliwa mtambo mpya wenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, ambao hutoa kama robo ya maji ya mji. Ziada ya mvua nayo huingizwa visimani, katika miamba, ambako jua haliifikii. Ukame wa mwaka 2016 ulipoyafanya mabwawa kuwa karibu matupu, mji uliegemea visima hivyo na Goreangab.

Kwa hiyo diwani wa Dar es Salaam au wa Mombasa atakayekwenda Windhoek kutazama mitambo, tafadhali, kabla hajauliza bei yake, aombe aonyeshwe ramani ya mabomba ya majitaka, aone mahali njia ya kiwanda inapoachana na njia ya nyumba.