Gari la Paa Gumu Linalokunjwa

Gari la paa gumu linalokunjwa ni gari la wazi, aghalabu la viti viwili, ambalo paa lake la bati, alumini au plastiki ngumu hujikunja kwa vipande na kulala nyuma ya viti au ndani ya buti, badala ya kufunikwa kwa turubai. Georges Paulin, daktari wa meno wa Ufaransa, alibuni mfumo huo, na Peugeot ikautumia katika 401 Eclipse ya 1934. Ford ilifuata na Skyliner (1957–1959), lakini gari lililoueneza hasa ni Mercedes-Benz SLK ya 1996.

Wapenzi wa magari ya spoti huvutiwa na kupata upepo na utulivu katika gari moja. Katika Mazda MX-5 ya 2006, dereva hufungua komeo moja juu ya kioo cha mbele, akabonyeza swichi, na kwa sekunde 12 hivi paa huzama bila kula nafasi ya buti, ingawa huongeza takriban kilo 37, uzito usio mdogo kwa gari linalosifiwa kwa wepesi.

Nchini Malawi, ambako magari mengi huagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani, baadhi yakishushwa Dar es Salaam na kufuata barabara ya M1 hadi Lilongwe, paa hilo hukinga mvua za Novemba hadi Aprili, wala halichaniki kama turubai. Mnunuzi hana budi kukagua mota zake na mipira ya kuzuia maji.