Kalenga, mji wa ukuta

Munyigumba alipofariki mwaka 1879, makabila madogo ya Uhehe yalikuwa yamekwisha kuwa dola moja. Mwanawe Mkwavinyika, ndiye Mkwawa, hakuupata utawala kwa kukabidhiwa tu. Ilimbidi kwanza amshinde Mwambambe, aliyekuwa akiutaka. Baadaye makao makuu yakawa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, kilometa kama 15 kutoka Iringa ya leo kwa barabara iendayo Idodi.

Mwaka 1887 mtemi akaanza kuuzungushia mji ukuta wa mawe. Kazi hiyo ilichukua miaka minne. Ngome ikaitwa Lipuli, jina ambalo wengi siku hizi wanalijua kwa timu ya mpira kuliko kwa historia. Ukuta huo ulikuwa kinga ya kutosha dhidi ya adui wa mikuki na magobole, na hao ndio maadui ambao Uhehe ilikuwa imezoea kupigana nao.

Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvamia msafara wa Kijerumani kule Lugalo. Kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa pamoja na askari zaidi ya 200, na bunduki zikatekwa kwa mamia. Kwa maoni yangu, ushindi huo ndio ulioiponza Kalenga. Baada ya kushinda porini kwa kuvizia, mtemi alirudi kuutegemea ukuta, na Wajerumani wakapata miaka mitatu ya kujiandaa wakijua kabisa watamkuta wapi.

Walikuja wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele. Wenyeji husimulia kwamba mizinga ilipigwa kutoka mlima wa Tosamaganga, unaoutazama mji kutoka juu. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikavamiwa na kutekwa siku hiyohiyo. Mawe ya miaka minne hayakuvuka siku moja.

Mkwawa hakukamatwa. Alirudi msituni akapigana karibu miaka minne mingine, bila ukuta wowote. Mwaka 1896 Wajerumani wakajenga boma jipya Iringa chini ya Tom von Prince. Nduguye Mkwawa, Mpangile, wakamtawaza, kisha mwaka 1897 wakamnyonga. Mtemi akatangaziwa dau la rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, akiwa mgonjwa na karibu kuzingirwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mlimani Tosamaganga Wabenediktini walianzisha misheni, na mwaka 1919 wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Kilima cha mizinga kikawa cha kanisa, shule na hospitali; mwaka 1953 kikawa makao ya jimbo la Kikatoliki la Iringa.

Fuvu la Mkwawa lilidaiwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, lakini lilirejeshwa mwaka 1954 tu, Gavana Edward Twining alipolitoa Bremen. Aliyelipokea ni Mtemi Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Magari ya watalii hupita hapo kila siku yakikimbilia Hifadhi ya Ruaha. Wewe uendaye Idodi, shuka Kalenga uvione vipande vya ukuta vilivyobaki, kisha upitie Mlambalasi.