Fundi Saa wa Morogoro: Ufundi, Mtaji na Msamiati



Sisi wanaisimu tunapoandika historia ya Kiswahili tumezoea kuitafuta katika majumba makubwa: ikulu za masultani, shule za misheni, ofisi za serikali na kamati za usanifishaji. Katika mhadhara huu naomba tuitafute mahali padogo zaidi, yaani kwenye meza ya fundi saa iliyowekwa chini ya baraza la duka mjini Morogoro. Ninakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo, ambayo mtu aliweza kuianza kwa meza moja na bisibisi chache, ilidai mtaji ambao hauuzwi dukani, nao ni kuaminiwa. Aidha, maneno yaliyotumika kwenye meza hiyo ni ushahidi wa historia ambao kamusi zetu zimeudaka nusunusu tu.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Saa limetokana na Kiarabu, na katika Kiswahili neno hilo moja hubeba maana mbili: kipimo cha wakati na chombo kinachoupima. Chombo kilipofika, lugha haikuhangaika kukitafutia jina. Kilipewa jina la kile kinachopimwa. Lakini Waswahili hawakukubali kuhesabu kama chombo kilivyochorwa. Mshale mfupi ukielekea 7 asubuhi, sisi husema ni saa moja. Ukielekea 9, husema saa tatu. Macho huona tarakimu moja, ulimi hutamka ile inayoikabili. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, hesabu inayoanzia mapambazuko ina mantiki kuliko ile inayoanzia usiku wa manane. Mgeni huiona hesabu hii kuwa kichekesho, na baadhi ya wasomi wetu wameanza kuionea haya. Mimi siioni aibu hiyo.

Pwani ilikwisha kuizoea saa kubwa ya hadhara kabla ya bara. Kule Unguja, baada ya Waingereza kulipiga mabomu eneo la ikulu mwaka 1896, mnara wa saa ulijengwa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Morogoro ilifikiwa kwa njia nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walifika chini ya milima ya Uluguru katika miaka ya 1880, na kengele yao ikaanza kuigawa siku. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na treni ikafika Morogoro mwaka 1907. Treni, tofauti na msafara wa wapagazi, ina ratiba, anayeichelewa huachwa.

Watu wengi hudhani kwamba mashamba ya mkonge ndiyo yaliyowafundisha wakazi wa Morogoro kuishi kwa saa. Mimi nina shaka. Kibarua wa mkonge alihesabiwa kwa kipande, na kipande kilihesabu siku: akitimiza siku thelathini za kazi, alilipwa. Saa ilikuwa mali ya msimamizi. Kibarua aliisikia tu kupitia kengele. Basi wateja wa kwanza wa fundi saa, kwa maoni yangu, tuwatafute miongoni mwa makarani, walimu na wafanyakazi wa stesheni. Mkulima Mluguru aliyeteremka kutoka Kinole au Matombo na mzigo wa ndizi hakuhitaji mishale kumwambia kumekucha. Naye aliponunua saa, aliinunua pia kwa heshima yake. Saa iliyosimama mkononi mwa mzee iliendelea kuwa saa.

Mtu alianzaje kazi hii? Neno fundi lina undugu na vitenzi funda na funza, na ukoo huo hauko mbali na Uluguru, ambako mwali alikuwa akiwekwa ndani na kufundwa. Fundi, kwa asili ya neno lake, ni mtu wa mafunzo. Kijana aliketi kando ya mkubwa wake kwa muda mrefu akifanya kazi za pembeni: kufungua kifuniko cha nyuma, kupanga skurubu kwa ukubwa wake, kuosha mashine kwa petroli na brashi laini, kubadilisha mkanda na kioo. Kushika gurudumu la usukani, lile dogo linaloyumba huku na huku, aliachiwa mwisho kabisa. Siku ya kujitegemea alihitaji meza, stuli, kasha la kioo, kibano, bisibisi nyembamba na lenzi ya kubana jichoni. Alihitaji pia saa mbovu, nyingi iwezekanavyo, kwa kuwa spea zilitoka humo: saa tatu zilizokufa zilifufua moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mteja akiacha baiskeli kwa fundi, akirudi anaijua kila sehemu yake. Akiacha saa, haoni kilichomo ndani wala hawezi kujua kama gurudumu zima limetolewa na kutiwa lililochakaa. Kwa hiyo mafundi walipenda kukaa barazani kwa mwenye duka anayefahamika, ambaye jina lake lilikuwa kama dhamana. Kasha la kioo nalo halikuwa la kuzuia vumbi pekee; lilimwezesha kila apitaye kuona kwamba saa za watu zingali pale. Saa iliyoachwa kwa fundi ni amana, na neno hilo katika Kiswahili lina uzito wa dini na wa sheria kwa pamoja. Ni kweli pia kwamba mafundi wetu wana sifa ya kusema “njoo kesho”, na fundi saa, mtu wa kurekebisha wakati wa wengine, hakuwa nje ya sifa hiyo.

Msamiati wa mezani ulitoka pande nyingi. Kamani, utepe wa chuma unaojikunja na kuipa saa nguvu, ni neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya upinde. Akrabu, jina la kale la pwani la mshale wa saa, ni Kiarabu cha nge. Bara halikumchukua nge. Lilichukua mshale, na leo mshale umeshinda kote. Kwa hiyo saa ina upinde ndani na mishale usoni, ingawa sidhani kama yupo aliyepanga iwe hivyo. Halafu kuna vitenzi: saa hutiwa ufunguo, hukimbia, huchelewa, husimama, hufa, huoshwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitupa mengi, lakini majina ambayo mafundi waliviita vijigurudumu na vijiti vya ndani hayakupata mkusanyaji wa kutosha. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilikuwa na kazi ya kuipatia serikali na shule istilahi. Meza ya barazani haikuleta maombi.

Uchumi nao uliipandisha na kuishusha kazi hii kwa namna ya kushangaza. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa kutoka nje ziliadimika nchini. Morogoro wakati huo ilikuwa ikijengewa viwanda, vya viatu na ngozi miongoni mwao, na mfanyakazi wa zamu ni mtu wa saa. Asiyeweza kununua hutengeneza. Uhaba ukawa riziki ya fundi. Lakini sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtazama kwa jicho la mashaka kila mtu wa mjini asiye na kazi rasmi, na fundi mwenye meza isiyo na mlango alipaswa kueleza yeye ni nani. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza biashara ya nje. Saa za betri ziliingia kwa wingi, nyingine zikiuzwa kwa bei iliyokaribia ujira wa kuosha saa ya ufunguo. Kilichoshindwa kufanywa na sheria kikafanywa na wingi wa bidhaa. Baadaye simu ya mkononi ikaja na saa ndani yake.

Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, hivyo fundi wa meza moja akatambuliwa na dola wakati wateja wake wamepungua sana. Mwenye meza siku hizi hutia betri, hukata mkanda, na mara mojamoja huletewa saa ya marehemu baba wa mtu. Bisibisi zilezile zilizofungua saa zinafungua simu, na kwenye kibao, chini ya maneno FUNDI SAA, pameongezwa NA SIMU kwa rangi nyingine.