UZI: Leseni ya fundi wa stima ni ulinzi ama ni ushuru mwingine?

1/ Kila msimu wa kampeni utasikia hii: "Sheria za waya ni za kumkandamiza fundi mdogo." Mwingine anajibu: "Nyumba zinaungua juu ya mafundi wa mtaa." Wote wana hoja. Kabla hujachagua upande, tupitie historia kidogo.

2/ Baadhi ya masharti ya kwanza ya waya za nyumba yaliandikwa London mwaka wa 1882 na chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme. Hofu yao ilikuwa moto. Mwaka huohuo kampuni ya bima, Phoenix Fire Office, ikatoa yake. Mwenye bima hakutaka kulipia nyumba zilizochomwa na taa.

3/ Sisi biashara ya stima ilianza Mombasa na Nairobi mwaka wa 1908, chini ya Mwingereza. Tukarithi plagi zake, soketi zake na masharti yake.

4/ Angalia plagi ya pini tatu bapa. Kiwango chake ni cha 1947, baada ya vita, shaba ikiwa adimu. Ndani kuna fyuzi. Pini ya juu ni ndefu makusudi: inaingia kwanza na kufungua vifuniko vya matundu ya chini, ambavyo viko hapo ili mtoto asidunge msumari. Sasa wewe ukichokora tundu la juu na kalamu ndio chaja ya pini mbili iingie, ujue umefungua mlango gani.

5/ Rangi nazo. Nyumba za zamani: nyekundu ina stima, nyeusi ni nyutro. Mwaka wa 2004 Uingereza ikafuata rangi za Ulaya: kahawia ina stima, samawati ni nyutro. Waya mpya huku kwetu ni hizo. Hatari iko kwa fezi tatu: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ina stima. Fundi akiamini rangi bila kupima, anaweza kufa.

6/ Halafu kuna RCD, kile kifaa kinachokata stima ikivuja. Fyuzi inalinda waya usishike moto. RCD inakulinda wewe. Masharti ya 1981 yaliitaka kwa soketi za vifaa vya nje. Yale ya 2008 yakaipanua hadi soketi za kawaida za ndani.

7/ Turudi Kenya. Mwaka wa 2015 ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba zisizo na waya zikawekewa redibodi: swichi, soketi na mahali pa balbu. Poa sana. Lakini baadaye mama anataka taa jikoni na chumba cha watoto. Ataita nani? Yule fundi anayemudu.

8/ Sheria ya Kawi ya 2019 inasema kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Kwa hivyo sheria iko. Lakini redibodi ilikuja na ruzuku, na mafunzo ya fundi wa mtaa hayakuja nayo.

9/ Basi mwanasiasa akikuambia atafuta leseni, muulize nani atalinda watoto wanaolala chini ya hizo waya. Akikuambia atashika mafundi wote wasio na leseni, muulize nani atalipia mtihani wao, na nani atarudi kukagua nyumba stima ikishawaka.

Mwisho wa uzi. Leo jioni angalia soketi yako. Kama imeungua kando, usingoje kampeni.