Darasa la Muziki wa Kompyuta Lifike Ndhiwa: Historia Iko Upande Wetu

Kila nikisema vijana wa Ndhiwa wafundishwe muziki wa elektroniki na video wakati wa likizo, lazima kuna msee ataniambia, "Hizo ni vitu za Wazungu." Sawa. Twende kwa historia tuone ni za nani.

Mwaka ni 1944, mji ni Cairo, Misri. Kijana wa miaka 23 anaitwa Halim El-Dabh, anasomea kilimo. Anaazima mashine ya kurekodi sauti kwa waya kutoka ofisi ya redio, anaenda nayo kwa ngoma ya zaar, ile ya wanawake ya kupunga pepo. Akirudi studio anachezea ile sauti: huku anapunguza, huku anaongeza mwangwi, mpaka huwezi kujua kama unasikia watu ama upepo. Pierre Schaeffer, Mfaransa anayesifiwa kwa kuanzisha mambo haya, alifanya majaribio yake Paris 1948, miaka minne baadaye. Soma tena polepole: mwanafunzi wa kilimo, mashine ya kuazima, ngoma ya kina mama. Ndhiwa tunakosa gani hapo?

Na hata hao Wazungu hawakuanza wakiwa wameshiba. Mji wa Darmstadt, Ujerumani, ulibomolewa na mabomu ya vita. Mwaka wa 1946, vita vimeisha mwaka mmoja tu, Wolfgang Steinecke akaanzisha pale kozi za likizo za muziki mpya. Hakungoja mji ujengwe kwanza. Karlheinz Stockhausen alifika pale 1951 kujifunza, baadaye akarudi kama mwalimu. Kozi hizo ziko hadi leo. Kwa hivyo mtu akikuambia "tumalize barabara kwanza, muziki baadaye", mkumbushe Darmstadt.

Sasa turudi nyumbani. Waacholi wa Uganda ni jamaa zetu wa lugha, Mjaluo akisikiliza anaambulia maneno. Wakati wa vita vya kaskazini, kuita kikundi kizima cha ngoma kwa harusi kulikuwa gharama kubwa. Otim Alpha na prodyusa Leo Palayeng wakaingiza mdundo wa harusi ndani ya kompyuta, Gulu ikacheza. Mwaka wa 2017 nyimbo hizo zilitoka kwa albamu ya Gulu City Anthems, chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikageuka kuangalia.

Nairobi nayo imeamka. Santuri ilifungua akademia yake ya muziki wa elektroniki 2021. KMRU, yaani Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, anarekodi sauti za kawaida za mazingira na kuzifanya muziki. Albamu yake Peel ilitoka 2020 na ikasikika Ulaya. Lakini Nairobi ni mbali, nauli ni pesa, na kulala huko ni pesa nyingine.

Na wacha nikuambie, Ndhiwa haijakosa darasa la muziki wa umeme. Liko, tena la miaka mingi. Linaitwa disco matanga. Jenereta, spika kubwa, mtu wa kinanda, na ohangla ambayo zamani ilikuwa ngoma za ngozi ya kenge sasa inatoka kwa kibodi. Hapo ndipo vijana wengi wamejifunza kuunganisha waya, kupanga sauti, kusoma umati. Hilo ni somo la kweli kabisa.

Shida ni saa na mahali. Darasa hilo ni la usiku, kando ya maiti, na wasichana wameumizwa huko. Serikali imepiga marufuku mara kadhaa, na mimi siwezi kuwatetea wanaoharibu maisha ya watoto. Lakini marufuku inafunga mlango mmoja bila kufungua mwingine. Kijana wa kiume atajifunzia kwa rafiki. Dada yake je? Yeye aliambiwa tu akae nyumbani, kwa hivyo ile mashine hajawahi kuigusa. DJ Rachael wa Uganda aliliona pengo hili ndiyo akaanzisha Femme Electronic kufundisha wanawake.

Ninachotaka si kikubwa. Likizo ya Agosti, wiki tatu, mchana. Chumba kimoja cha chuo cha ufundi, laptop chache, kamera moja, maikrofoni. Asubuhi mzee wa nyatiti acheze, vijana warekodi. Mchana wajifunze kuhariri sauti na video. Wiki ya mwisho wafundishwe hakimiliki, ili mzee na kijana wote wajue nani analipwa wimbo ukivuma. Nusu ya viti iwe ya wasichana, bila mjadala.

Mimi mwenyewe niliacha chuo kikuu, kwa hivyo siabudu vyeti. Naamini mashine, mwalimu na muda. Bila hivyo, kuna siku mtu wa mbali atakuja na maikrofoni, arekodi nyatiti ya babu yako, aitengeneze vizuri, halafu akuuzie kwa simu yako. Na wewe utalipa, kwa sababu itakuwa tamu.

Basi mwenye ufunguo wa chumba, Agosti ndiyo hiyo.