Kupanga ndani ya nyumba ya zamani Bukavu: mambo ya kujua mbele ya kutoa garanti

Ukipita Nyawera, Muhumba ao La Botte, katika komini ya Ibanda, unaona nyumba zilizojengwa wakati wa Wabeleji, wakati Bukavu ilikuwa inaitwa Costermansville. Zingine ziko na kona za muviringo na baraza refu: ni ile ujenzi inaitwa Art déco. Zilijengwa kwa familia moja moja. Leo mingi zimegawanywa: familia moja juu, ingine chini, ingine tena ndani ya aneksi nyuma.

Wazazi wanazipenda. Kuta ni nene, vyumba ni vikubwa, kuna mahali watoto wanachezea, na masomo iko karibu, sawa vile Collège Alfajiri. Lakini nyumba ya zamani iko na historia yake, na ile historia inaweza kumuangukia mupangaji.

Mwenye nyumba ni nani?

Hii njo ulizo ya kwanza, mbele hata ya bei. Wazungu wengi waliacha hizi nyumba kisha uhuru. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianizasio, na mali ya wageni ikapita katika mikono mingine. Kuko nyumba zilibaki za serikali, zingine ziliuzishwa, zingine ziliachiwa watoto wengi wa baba mumoja. Ndiyo maana unaweza kupanga kwa mutu, kisha miezi kidogo mwingine anakuja na karatasi zake na kusema: "Hii nyumba ni yangu."

Omba kuona sertifika d'anrejistrema, ile karatasi inayotolewa na ofisi ya konservateri wa titre immobilier. Soma jina lililo juu yake. Kama mwenye jina alisha kufa, uliza likidateri wa urithi ni nani, na warizi wengine kama wanajua kama nyumba inapangishwa. Kama ni ndugu ao rafiki anayepangisha, aonyeshe prokirasio. Komisionere hawezi kusaini kwa nafasi ya mwenye nyumba. Kazi yake ni kukutanisha watu tu. Kisha uliza majirani: wao wanajua kama ile parsele iko tribinali.

Garanti na kontra

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite kodi ya miezi 3. Mara mingi wenye nyumba wanaomba miezi 6 ao zaidi, na kwa dola. Ukikubali juu huna namna, ile hesabu yote iandikwe ndani ya kontra. Usitoe feza bila resi yenye tarehe, jina na sinyatire.

Kontra iseme kodi ni ngapi, inalipwa siku gani, preavi ni ya miezi ngapi, na nani anatengeneza nini. Ndani ya nyumba ya wapangaji wengi, iseme pia vyumba gani ni vyako, na nani anatumia kiwanja, jikoni ya inje na mahali pa kuanika nguo.

Angalia nyumba kwa macho ya fundi

Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi la nguvu ya 5,9 lilipiga Bukavu na kuharibu nyumba mingi. Mulima nao unateleza wakati wa mvua. Mupasuko mudogo wa rangi si kitu. Lakini ule unaopita ukuta mupana, wenye kidole kinaingia, unaomba fundi. Ingia siku ya mvua kama inawezekana, uangalie plafo na mabati. Gusa nsinga za umeme za zamani, lakini kwa macho tu.

Kisha andikeni pamoja état des lieux: milango, vioo, robine, rangi. Piga picha. Bila ile karatasi, siku ya kutoka garanti yako itakatwa juu ya kioo kilichovunjika mbele uingie.

Mayi, umeme na choo

Mbele ya kusaini, uliza hivi:

- Konteri ya SNEL ni yako peke yako, ao ni ya wote?
- Fakture ya REGIDESO inagawanywa namna gani: kwa nyumba, ao kwa hesabu ya watu?
- Kuna deni la zamani?
- Fosi septike inatumiwa na familia ngapi, na nani analipa ikijaa?

Ugomvi mingi kati ya wapangaji unatokea hapa, si kwa kodi.

Kama mambo inaharibika

Usikimbilie kuvunja kufuli ao kuacha kulipa. Peleka kontra na maresi zako kwa serivisi ya abita ya komini. Ile njo inajaribu kupatanisha mbele ya tribinali. Mutu mwenye karatasi anasikilizwa. Mwenye maneno tu, anarudi na watoto wake kutafuta nyumba ingine.